Kuunguza neva za figo ili kushusha presha: kuna aliyefanyiwa? Niuze kiwanja au nitulie?

MwalimuWaZiwani (mleta uzi)

Wakuu habarini za jioni. Naombeni mnivumilie maana nitaandika kirefu, hili jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Mimi ni mwanaume wa miaka 47, mwalimu wa sekondari, naishi Mwanza. Presha niligundulika nayo 2014, nilienda kupima tu baada ya kuumwa kichwa wiki nzima nikakutwa na 180/110. Nilianza na kidonge kimoja, vikawa viwili, sasa hivi niko na vinne: amlodipini 10, losartani 100, kile cha kukojoza haidroklorothayazaidi 25 na atenololi 50. Na pamoja na yote hayo mwezi uliopita kliniki nimepimwa 168/104. Baba yangu mzazi alipooza upande mmoja kwa presha hii hii akiwa na miaka 53 akalala kitandani miaka minne mpaka Mungu alipomchukua, na mimi ndo nilikuwa namgeuza. Kwahiyo mtu akinitajia hiyo 168 mimi nakiona kile kitanda.

Sasa shemeji yangu yuko Ujerumani, kanipigia anasema huko kuna tiba wanaiita dinavesheni ya figo, wanapitisha mrija kwenye mshipa wa damu wa kwenye kinena hadi kwenye mishipa ya figo halafu wanaunguza neva zake, presha inashuka, siku ya pili unarudi nyumbani. Nikamtafuta jamaa mmoja anayepeleka watu kutibiwa India, naye akasema ipo na ukishafanyiwa vidonge unaviaga. Hela aliyonitajia ni kiwanja changu chote cha Buhongwa na bado niongezee. Mteja wa kiwanja yupo, anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, mke wangu anasema uza, kiwanja tutanunua kingine ila mume hapana.

Naombeni anayejua. Hii kitu ni ya kweli? Vidonge unaacha kweli? Kwa sisi waafrika inafanya kazi? Na hatari yake ni nini? Sitaki matusi wala utani jamani, nina watoto watatu.

---

Mzee_wa_Mlimani

Pole sana mwalimu. Mi ningekushauri achana na mambo ya kuunguzwa huko ndani, kunywa rozela kikombe asubuhi na jioni na kitunguu saumu, mke wangu alikuwa na 150 sasa yuko vizuri kabisa. Kiwanja usiuze.

---

SistaWaKatheta

Mzee wangu wa Mlimani shikamoo, rozela inashusha kidogo ni kweli, lakini mtu mwenye 168 juu ya vidonge vinne hawezi kutegemea rozela, tusije tukampoteza mwalimu.

Kaka mwalimu pole. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi chumba cha katheta (wanakopitisha mirija kwenye mishipa ya damu) miaka tisa, Dar. Ngoja nikueleze kinachofanyika maana wengi wanaielezea kama uchawi.

Figo haziko peke yake, zina neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo na zinakuja zimeuzunguka mshipa wa damu unaoingia kwenye figo, ziko upande wa nje wa ukuta wa mshipa, kama mmea unaotambaa kwenye nguzo. Hizo neva zinapeleka habari pande zote mbili. Kutoka kwenye ubongo zinaiambia figo imwage homoni ya renini, izuie chumvi na maji yasitoke, na mishipa ya figo yenyewe ikaze. Kutoka kwenye figo zinarudisha taarifa kwenye ubongo na ubongo nao unakaza mishipa ya mwili mzima na kuusukuma moyo. Kwa baadhi ya watu wenye presha haya mazungumzo yamepitiliza, ni kama watu wawili wanaopigiana kelele usiku kucha. Tiba inakata sehemu ya hayo mazungumzo.

Utalazwa kwenye meza, unapewa dawa ya usingizi mwepesi na ya maumivu (usiruke hapo, neva zikiunguzwa zinauma, anayekuambia hausikii kitu anakudanganya), wanatoboa kinena, wanapitisha mrija hadi kwenye aota (mshipa mkuu wa damu) na kuingia mshipa wa figo, wanaweka dawa ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei. Halafu kuna mashine za aina mbili. Moja inaitwa Symplicity Spyral ya Medtronic, inajikunja kama springi ndani ya mshipa, ina vituo vinne vinavyotoa joto kwa mawimbi ya redio. Nyingine ni Paradise ya Recor, hii ina kiputo kinachojazwa maji yanayozunguka, maji yanapoza ukuta wa ndani wa mshipa usiungue wakati mawimbi ya altrasaundi yanapita hadi nje yalipo neva. Kazi nzima kama saa moja hivi, pande zote mbili. Zote mbili Marekani walizipitisha Novemba 2023, kwahiyo sio utapeli, ni tiba inayojulikana.

Na wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wanavyofikiri. Miaka ya 1930 mpaka 1950 wakati hakuna vidonge vya maana madaktari wapasuaji kama Smithwick wa Boston walikuwa wanamfungua mgonjwa mgongoni na kuzikata hizo neva kwa kisu. Presha ilishuka kweli lakini mtu akisimama anaona giza anaanguka, na shida nyingine kibao, maana walikata nyingi zaidi ya zile za figo. Vidonge vya kukojoza vilipoingia mwishoni mwa miaka ya 50 ule upasuaji ukafa. Halafu Melbourne Australia kina Henry Krum na Murray Esler na wenzao wakalirudisha kwa njia ya mrija, matokeo yao ya kwanza yalitoka 2009.

Hatari: pale kinenani panaweza kuvuja damu ikajikusanya ikawa uvimbe, au mshipa ukapata jeraha. Ile dawa ya eksirei inaweza kuzisumbua figo kama tayari ni dhaifu. Mshipa wa figo kusinyaa baadaye imetokea ila ni nadra. Mwenye figo zilizochoka sana, mjamzito, au mwenye mshipa wa figo uliosinyaa toka mwanzo hafanyiwi.

Ila kaka hilo la kuviaga vidonge silikubali kabisa. Anayekuambia hivyo anauza tiketi.

---

MpimaNamba

Sista kaeleza vizuri, mimi niongeze namba maana hapo ndo pesa ya kiwanja inapoamuliwa. Mimi sio daktari, ni mfamasia, ila nimeufuatilia huu mjadala kwa miaka kwa sababu mama yangu ana presha sugu.

2010 walitoa utafiti unaitwa Symplicity HTN-2, watu 106, nusu walifanyiwa nusu hawakufanyiwa. Waliofanyiwa presha ya juu (ile namba ya kwanza) ilishuka 32. Thelathini na mbili! Dunia nzima ikachanganyikiwa, Ulaya hospitali nyingi zikaanza kufanya, hasa Ujerumani (ndo maana shemeji yako kaisikia). Lakini ule utafiti ulikuwa na tundu kubwa, kila mgonjwa alijua kama kafanyiwa au hajafanyiwa.

2014 Wamarekani wakafanya HTN-3, watu 535, na safari hii wakafanya kitu cha busara sana. Kundi moja waliunguzwa kweli, kundi la pili walilazwa kwenye meza ile ile, wakatobolewa, wakapigwa eksirei ya mishipa, wakatolewa bila kuunguzwa chochote, na hakuna aliyejua yuko kundi gani. Baada ya miezi 6 walioungua walishuka 14. Ambao hawakuunguzwa walishuka karibu 12. Tofauti ni kama 2, haina maana yoyote. Biashara ikasimama ghafla.

Sasa mwalimu jiulize, yule ambaye hakufanyiwa kitu presha yake ilishukaje 12? Hapa naomba usome taratibu. Mtu akiingia kwenye utafiti anapigiwa simu, anapimwa, anaangaliwa, anaanza kunywa vidonge vyake kama inavyotakiwa. Kabla ya hapo huenda alikuwa anavinywa nusu nusu. Kwahiyo inawezekana kabisa sehemu ya ile "presha sugu" haikuwa sugu, vidonge vilikuwa vinabaki kwenye kopo.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, ule mrija wa zamani ulikuwa na kituo kimoja tu unauzungusha kwa mkono, kuna madaktari waliofanya mara moja tu katika utafiti wote, na wagonjwa waliounguzwa mzunguko mzima wa mshipa pande zote mbili walikuwa wachache sana. Wakarudi mezani, wakatengeneza mashine mpya, wakaanza kuunguza hadi kwenye matawi ya mshipa, na wakawa wanapima mkojo na damu za wagonjwa kuona kama dawa imo kweli.

Matokeo ya mashine mpya: SPYRAL OFF MED 2020, watu 331 wasiokunywa dawa, tofauti na waliodanganyishiwa (waliolazwa mezani bila kuunguzwa) ni kama 4 kwa kipimo cha masaa 24 (mashine unayovaa mkononi) na 6 na kitu kwa kipimo cha kliniki. RADIANCE II 2023, watu 224, mashine ya altrasaundi, tofauti 6 na kitu kwa kipimo cha mchana. Na SPYRAL ON MED, hawa ndo wanaofanana na wewe maana walikuwa kwenye dawa, watu 337, kipimo cha masaa 24 hakikuonyesha tofauti, cha kliniki kilionyesha kama 5.

Kwahiyo ni kweli inashusha. Lakini piga hesabu, 168 toa 6 ni 162. Hata tukikupa bahati ya kushuka 15 bado uko 153 na bado unakunywa vidonge. Na kuna watu wengi tu haiwashushi kabisa na hakuna kipimo cha kukuambia kabla kama wewe ni wa kundi gani, wala pale mezani daktari hana njia rahisi ya kujua kama neva zimekufa za kutosha.

Sisemi 5 ni kitu kidogo. Tafiti nyingi zilizounganishwa pamoja zikatoka 2021 zinaonyesha presha ya juu ikishuka 5 tu, hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo na ndugu zake inapungua kama asilimia 10. Ni faida. Ila kwa bei ya kiwanja kuna namna za kupata hiyo 5 na zaidi kwa bei ya nauli ya daladala.

Kuhusu waafrika, kwenye HTN-3 kama robo ya washiriki walikuwa Wamarekani weusi, na kwao waliodanganyishiwa walishuka sawa na walioungua, hata kidogo zaidi. Wengine wanasema ni sababu ya dawa walizobadilishiwa katikati na kuanza kuzinywa vizuri, sio mwili wao. Ila anayekuhakikishia wewe mwafrika kwamba itakufanyia kazi hana pa kusimama.

---

MamaLikoni

Salaam aleikum nyote. Mimi ni mtu wa Likoni Mombasa, niko Ujerumani mwaka wa kumi na saba huu, na mimi nimefanyiwa, mwaka 2022. Naandika kwa vile naona watu wanasema bila ya kupitia.

Kabla ya kunifanyia walinizungusha miezi mitano, ndugu yangu mwalimu, mitano! Mashine ya masaa 24 mkononi mara mbili, damu, mkojo, skani ya figo na mishipa yake, wakanilaza usiku mmoja kuangalia kama napumua vizuri nikilala kwa sababu nakoroma, wakanipima tezi zilokaa juu ya figo. Mkojo wakaupima waone kama dawa imo mle. Niliona kama wananidharau, nikamwambia daktari mimi si mtoto, dawa nakunywa. Akanijibu kwa upole, tunampima kila mtu, hata maprofesa.

Siku yenyewe niliumwa, sitasema uongo, joto mgongoni kama mtu anakufinya kwa ndani, wakaniongeza dawa ikapoa. Nikalala na mguu umenyooshwa mpaka asubuhi. Kinena kilivia damu kikawa cha zambarau wiki mbili.

Wiki ya kwanza nilipima kila saa, hamna kitu, nikalia nikajua nimeunguzwa bure. Haishuki siku hiyo, inashuka polepole. Mwezi wa tatu ndo nikaanza kuona. Nilikuwa 158 kwa wastani na dawa nne, leo nacheza kwenye 144, 146, na dawa tatu. Hiyo ndiyo faida yangu mimi. Nashukuru kwa kuwa bima ililipa. Lau ningeambiwa niuze shamba la marehemu baba kwa ajili ya hiyo kumi na mbili na kidonge kimoja, nisingeuza.

Na nikuulize kama dadako, usinione nina maneno. Hivyo vidonge vinne, wavinywa vyote kila siku?

---

MwalimuWaZiwani

Nimesoma yote mara mbili. Sista, Mpima Namba, dada wa Likoni, Mungu awabariki sana.

Dada yangu umeniuliza swali ambalo daktari hajawahi kuniuliza na mimi sijawahi kumwambia mtu hata mke wangu. Hapana. Sivinywi vyote.

Kile cha kukojoza Jumatatu mpaka Ijumaa nakiacha. Nina vipindi viwili mfululizo asubuhi, darasa lina wanafunzi 80, siwezi kutoka kila dakika ishirini kwenda chooni ambako ni ng'ambo ya uwanja, nimeshawahi kuaibika nikaapa sitarudia. Nakunywa wikiendi. Atenololi ndo kuna jambo zito, tangu nimeanzishiwa kile nguvu za kiume zimepungua sana, kwahiyo nakunywa siku mbili naacha siku tatu. Siku ya kliniki asubuhi nakunywa vyote vinne kwa pamoja ili nikipimwa ionekane nakunywa. Na bado ikasoma 168.

Halafu mgongo unaniuma sababu ya kusimama, natumia diklofenaki karibu kila siku, nanunua mwenyewe duka la dawa.

Nimeandika hapa kwa sababu hamnijui. Naona aibu kubwa. Nilikuwa tayari kuuza kiwanja cha wanangu kabla ya kumwambia daktari ukweli.

---

DaktariWaWilaya

Mwalimu, ondoa aibu. Mimi ni daktari, niko hospitali ya wilaya, na nakuambia ukweli kwamba kosa sio lako peke yako, ni la sisi tunaoongeza kidonge cha tano bila kuuliza vinne vinaendaje. Sikutibu hapa kwenye uzi, peleka haya kwa daktari wako, lakini ngoja nikupe ya kuzungumza naye.

Kwanza diklofenaki. Hiyo na ndugu zake wote kina ibuprofeni zinashikilia chumvi na maji, zinapandisha presha, zinaziba kazi ya losartani na ya kidonge cha kukojoza, na zikiungana na hizo mbili zinaweza kuziua figo taratibu. Hii peke yake inaweza kuwa inakuongezea namba ambazo ungelipia kiwanja kuzitoa. Kwa mgongo kuna parasetamoli na kuna mazoezi, mwambie daktari akupeleke kwa fiziotherapia.

Pili atenololi, na hili ni la haraka. Usiinywe kwa kuruka ruka. Dawa za kundi hilo ukizikata ghafla moyo unarudi kwa kishindo, mapigo yanapanda na presha inaruka juu kuliko mwanzo. Wewe unafanya hivyo kila wiki. Usiache mwenyewe, nenda akupunguzie kidogo kidogo. Hilo la nguvu za kiume mwambie wazi, tumeshasikia mara elfu, kundi hilo na kidonge cha kukojoza ndo zinalalamikiwa zaidi, losartani na amlodipini sio sana. Na presha yenyewe isiyotibiwa inaharibu mishipa ile ile unayoilalamikia.

Tatu, kidonge cha kukojoza ni moja ya dawa zinazomfaa zaidi mtu mweusi mwenye presha, kwa sababu wengi wetu presha yetu imekaa kwenye chumvi. Kuna utafiti unaitwa CREOLE ulitoka 2019, ulifanyika Afrika, watu 728 katika nchi sita zikiwemo Kenya na Uganda, wakavalishwa mashine ya masaa 24. Amlodipini ikiwa na kidonge cha kukojoza, au amlodipini na perindoprili (dawa nyingine ya presha), zilifanya vizuri kuliko perindoprili na cha kukojoza bila amlodipini. Wewe kimoja kati ya nguzo zako umekiacha siku tano kati ya saba. Kukojoa kwingi kunatulia baada ya wiki mbili tatu mwili ukizoea, tena ukikinywa saa kumi na moja alfajiri ukifika darasani mafuriko yameshapita. Mwombe pia vile vidonge vilivyounganishwa, dawa mbili au tatu ndani ya kimoja, mtu mwenye kopo moja anasahau kidogo kuliko mwenye makopo manne.

Nne, pima nyumbani wiki moja baada ya kuzinywa vizuri kwa mwezi. Mashine ya mkono wa juu sio ya kifundo, mkanda unaotosha mkono wako, kaa dakika tano mgongo umeegemea, kibofu kitupu, usiongee. Mara mbili asubuhi kabla ya dawa, mara mbili jioni, siku ya kwanza itupe, zilizobaki piga wastani. Ukiwa chini ya 135/85 umefika.

Ukizinywa zote na bado iko juu, hapo ndo tunasema sugu kweli, na hapo tunatafuta kilichojificha kabla ya kufikiria neva. Karibu mmoja kati ya watano wenye presha sugu ana tezi ya juu ya figo inayomwaga homoni ya aldosteroni (inayoshikilia chumvi mwilini) kupita kiasi, na huyo ana tiba yake kabisa. Unakoroma? Mkeo ndo anajua. Chumvi je, magadi kwenye maharage, viungo vya paketi, dagaa wa kukaushwa kwa chumvi?

Na dawa ya nne inayofaa kwa wengi sio atenololi, ni spironolaktoni. Waingereza waliipima 2015 utafiti wa PATHWAY-2 dhidi ya bisoprololi na doksazosini (dawa nyingine mbili za presha) ikawaacha mbali wote. Ni kidonge cha bei ndogo. Inahitaji kupima potasiamu (madini ya kwenye damu) na figo, na kwa wanaume inaweza kuleta maumivu ya matiti, ikitokea unabadilishiwa.

Hata wakubwa wa Ulaya (vyama vya madaktari wa presha na moyo) kwenye miongozo yao ya 2023 na 2024 hii dinavesheni wameiweka ya kufikiria baada ya haya yote kushindikana, na wanasisitiza mgonjwa aelezwe ukweli ndo achague. Ukifika huko anza na bingwa wa moyo hapo hapo hospitali ya Bugando, au JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) Dar, wakuone, wasome vipimo vyako. Sio wakala wa safari.

---

Mzee_wa_Mlimani

Daktari nimejifunza sana, kumbe hata mimi diklofenaki ya goti nameza kila siku na nina presha. Naiacha leo.

---

MpimaNamba

Mzee vizuri, ila goti nalo lisiachwe, nenda wakupe kitu kingine.

---

MwalimuWaZiwani

Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki ya tano leo.

Nilimwambia mke wangu kwanza. Alilia, sio kwa hasira, akasema "kwanini hukuniambia mimi". Sasa hivi yeye ndo anagawa dawa, saa kumi na moja kasoro kikombe cha maji kiko kitandani. Yule mteja wa kiwanja nilimwambia hapana, shemeji wa Ujerumani nilimsomea uzi huu kwenye simu akanyamaza, halafu akasema ile hela aliyokuwa amenipangia ya nauli nifanyie vipimo.

Daktari nilimwambia yote. Alishusha kalamu akaniangalia, akasema asante. Diklofenaki nimeacha, mgongo unauma ila navumilia na mazoezi nimeanza. Atenololi ananipunguzia, ya chini kabisa naimaliza Ijumaa hii. Amlodipini na losartani na ya kukojoza sasa ziko kwenye kidonge kimoja. Wanafunzi wamezoea, vipindi vya asubuhi sijatoka hata mara moja wiki hii.

Wastani wa nyumbani wiki iliyopita: 147/93. Sijawahi kuona 147 tangu 2019. Bado iko juu najua, lakini imeshuka 21 na sijatobolewa popote.

Ila kuna jambo. Potasiamu imekuja 3.2, daktari anasema ni ndogo, inaweza kuwa ya kidonge cha kukojoza au ile tezi aliyosema DaktariWaWilaya. Kaniandikia kipimo cha aldosteroni na renini, na kaniandikia pia spironolaktoni 25 na vidonge vya potasiamu. Dawa ninazo, kipimo bado. Nianze spironolaktoni leo usiku?

---

DaktariWaWilaya

Hongera sana mwalimu, 21 ni nyingi.

Potasiamu anza, spironolaktoni subiri kidogo na mpigie daktari wako leo hii umuulize. Ile dawa inagusa moja kwa moja homoni inayopimwa, ukishaianza kipimo kinavurugika na itabidi uiache kama wiki nne ndo urudie. Potasiamu nayo inatakiwa ipande kwanza, ikiwa chini majibu yanaweza kudanganya. Toa damu asubuhi, uwe umeamka na kutembea tembea kama masaa mawili, halafu ukae dakika chache ndo wachome.

---

MamaLikoni

Hivyo hivyo, mimi pia walinisimamisha dawa kabla ya kile kipimo. Na chumvi wakanambia nisiikate ghafla siku hizo, nile kama kawaida, muulize na hilo.

---

MwalimuWaZiwani

Nimempigia. Kasema mko sahihi, ilikuwa foleni ndefu ile siku akasahau kunipangia nini kitangulie. Potasiamu nameza wiki hii, Jumatatu ijayo narudia kipimo chake na ikikaa sawa Jumatano saa tatu asubuhi natoa damu ya aldosteroni. Spironolaktoni nimempa mke wangu akaifungia kabatini.